Ushahidi wa Umaskini Uchukuliwe na Nani?

Sisi tuliokulia vijijini twaijua desturi ya barazani. Mtu akisema, "Mbuzi huyu ni wangu," wazee humwuliza, "Nani ajuaye?" naye hana budi kuleta mashahidi. Adaiye ndiye athibitishaye. Desturi hii ni ya haki, wala sina neno juu yake, maana kama isingekuwapo kila mwenye sauti kubwa angejitwalia mbuzi wa jirani yake.

Lakini yako madai ya namna nyingine, nayo ndiyo ninayotaka kuyapima pamoja nanyi, wasomaji wapenzi. Kijana akisema, "Mimi ni maskini, nisaidiwe nipate kusoma," je, yeye naye ni kama yule mwenye mbuzi? Ni juu yake kuwaleta mashahidi wote, mmoja mmoja, kutoka ofisi hii na ofisi ile, hali mashahidi hao wamo mikononi mwa Serikali ile ile inayomwuliza? Au yawapasa wanaouliza waulizane kwanza wao kwa wao? Nimelifikiri neno hili kwa miaka kadhaa, maana mimi ni mwalimu wa sekondari katika wilaya ya Kilosa, na kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi wa Julai, vijana hunijia na bahasha zao.

Kwa ajili ya wale ambao watoto wao hawajafika huko, nieleze kidogo. Zamani Serikali yetu ililipa gharama zote za wanafunzi wa chuo kikuu. Baadaye mzigo ulikuwa mzito, wanafunzi wakaongezeka, na katika miaka ya 1990 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama. Mwaka 2004 ilitungwa sheria ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Jina lake lasema kweli: ni mkopo, si zawadi. Aliyekopeshwa akipata kazi hukatwa mshahara wake mpaka amalize deni, na tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 makato hayo ni asilimia 15. Fedha hazitoshi watu wote. Kwa hiyo Bodi haina budi kuchagua, na katika kuchagua humtazama mhitaji zaidi: kama ni yatima, kama ana ulemavu, kama nyumba yao hupokea ruzuku ya TASAF, alisoma shule gani na nani aliyemlipia. Na kila neno katika hayo lina karatasi yake.

Hapo ndipo safari inapoanza. Cheti cha kuzaliwa chatoka RITA, kisha RITA wenyewe hutakiwa kukihakiki tena na kusema kwamba ndicho. Baba au mama akiwa amefariki, cheti cha kifo nacho vivyo hivyo. Iko namba ya mtihani wa kidato cha nne, iko namba ya kitambulisho cha taifa, iko namba ya kaya kwa walio katika TASAF. Mwenye ulemavu atafute mganga wa Serikali amtilie sahihi. Fomu yenyewe yataka sahihi ya kiongozi wa kijiji au mtaa, kisha ya hakimu au wakili. Tena iko ada ya maombi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000.

Mtoto wa mtumishi akaaye Morogoro mjini huenda akayamaliza haya kwa siku chache. Lakini mfikirini yule atokaye juu ya milima ya Vidunda. Ashuke kwa miguu hata Kidodi, apande gari mpaka Mikumi, kutoka Mikumi aizunguke wilaya kwa njia ya Ulaya mpaka Kilosa mjini, maana huko ndiko iliko ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na ndani yake vyeti huandikwa. Akifika amkute karani yupo na mtandao upo, amebahatika. Kama sivyo, ataambiwa, "Njoo kesho." Neno hilo ni dogo kwake aliyeketi mezani, kwa mtoto wa Vidunda ni nauli, na chakula, na mahali pa kulala ambapo hana.

Sasa tujiulize: karatasi hizi zote ni za nani? Namba ya mtihani iliandikwa na Baraza la Mitihani. Kitambulisho kilitolewa na Mamlaka iliyoundwa mwaka 2008 kwa kazi hiyo. Cheti ni cha RITA. Orodha ya nyumba zenye dhiki ilifanywa na TASAF, nayo haikufanywa gizani, bali majina yalitajwa kwanza katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote, kisha wakaja watu wa kuhesabu na kuuliza. Hizi zote ni ofisi za Serikali moja. Basi ni kama mtu mmoja mwenye mikono mingi, na mkono wa kuume wamtuma mtoto aende kuuliza mkono wa kushoto una nini, naye mtoto alipe nauli ya kwenda na kurudi.

Nisiwe mdhulumu. Mambo yamekwisha kuwa mepesi kuliko yalivyokuwa. Kaka zetu waliotangulia walifunga kurasa nyingi kwa kamba na kuzipeleka posta, wakangoja pasipo kujua kama zimefika. Siku hizi maombi hupita katika kompyuta. Mwombaji akitia namba yake ya kidato cha nne, jina lake lajulikana kwa habari za Baraza la Mitihani. Na namba ya kaya ya TASAF yamsemea mengi. Haya ni mema. Ndiyo yanayoonyesha kwamba jambo lawezekana: ofisi zikitaka kupashana habari, zaweza. Swali lililobaki ni kwa nini zipashane nusu, na nusu nyingine achukue mtoto.

Hebu nitaje mambo mawili yanayowaangusha vijana wetu kuliko mengine. La kwanza ni jina. Mtoto amebatizwa Yohana. Kadi ya kliniki yasema Yohana. Mwalimu wa darasa la kwanza akamwandika John, kwa kuwa aliona ndivyo watu wa mjini wanavyoandika. Katika kitambulisho karani akaandika Johannes. Jina la pili alipewa la babu, kwa desturi ya nyumbani. Shuleni likawekwa la baba. Kijijini hakuna asiyemjua ni nani. Lakini kompyuta haina jirani, wala haikumwona akichunga mbuzi. Kwayo hawa ni watu watatu, na watu watatu hawawezi kuomba mkopo mmoja. Ndipo aende kwa wakili kula kiapo kwamba yeye ni yeye. Kosa lilikuwa la mkono wa mtu mzima mwenye kalamu, tena mwenye mshahara. Kulisahihisha kumewekwa juu ya mtoto.

La pili ni kifo. Baba amekufa kijijini, amezikwa kijijini. Mwenyekiti alikuwapo, mtendaji alikuwapo, padre au mchungaji alikuwapo, kaburi lipo. Sheria yataka kifo kitangazwe kwa mwandikishaji ndani ya siku 30. Lakini siku hizo ni siku za matanga na madeni ya jeneza na sanda. Mjane hana fikra ya kwenda Kilosa kutafuta karatasi ambayo haoni itamlisha nini. Miaka kumi yapita. Mtoto anapoandika katika fomu kwamba ni yatima, aambiwa alete cheti. Na asipokuwa nacho, baba yule aliyezikwa mbele ya kijiji kizima yu hai katika karatasi, na mtoto ahesabiwa kuwa na mtu wa kumtunza.

Nilimfundisha msichana mmoja wa namna hiyo. Jina lake nalificha. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu. Alifaulu kidato cha sita vizuri sana, akaanza kukitafuta cheti cha kifo. Alipata barua ya kijiji, akapata barua ya kata, akazipeleka katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na huko barua zikakaa majuma kadhaa, kisha akaambiwa muhuri mmoja haukusomeka. Akarudi kuanza upya. Alipokamilisha, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Mwaka ule aliuza vitumbua katika stendi ya Mikumi, mabasi ya Iringa na Mbeya yakisimama na kuondoka. Mwaka uliofuata aliomba tena akapata, nasi twashukuru. Lakini nakumbuka neno aliloniambia, wala halikuwa juu ya mwaka uliopotea. Alisema, "Mwalimu, kila ofisi yaniuliza kama nina hakika baba amekufa."

Msidhani kwamba hawa ni wachache waliozembea. Vijana wanaoomba mikopo miaka hii walizaliwa yapata mwaka 2005 hata 2008. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa umri chini ya miaka mitano, kama 16 tu ndio walioandikishwa kuzaliwa kwao. Watoto waliohesabiwa siku zile ndio hawa wanaogonga mlango sasa. Kwa hiyo kukosa cheti katika kizazi hiki ndiyo ilikuwa hali ya kawaida. Na tena wale walioandikishwa, wengi wao ni wa mjini na wa nyumba zenye uwezo. Basi tazameni ajabu hii: karatasi inayotakiwa kuthibitisha umaskini ndiyo ambayo maskini alikuwa mbali nayo kuliko wote.

Na hata waliokuwa nazo hazikukaa. Watu wa Kilosa hawajasahau mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010, mto Mkondoa ulipofurika ukaingia majumbani, ukabomoa nyumba, ukaharibu reli, watu wakahamia katika mahema. Mtu akikimbia maji usiku hushika mtoto, hashiki cheti. Kama kumbukumbu ingekuwa imewekwa salama katika ofisi, na ofisi nyingine zaweza kuiuliza, Mkondoa usingeweza kumfanya mtu awe kama hakuzaliwa.

Yamkini msomaji mmoja atasema, "Basi mwalimu ataka watu waaminiwe kwa maneno matupu." La. Fedha za Bodi ni za watu. Sehemu moja ni kodi yetu. Sehemu nyingine ni marejesho ya waliokopa zamani, mwalimu na mwuguzi waliokatwa mwezi kwa mwezi. Mwenye nyumba ya wageni barabarani pale Mikumi akimwombea mtoto wake kwa hadithi ya uyatima wa uongo, hakuidanganya Serikali tu, ila amemnyang'anya mtoto wa Vidunda nafasi yake. Udanganyifu huo upo, twaujua, na mara nyingine mwenye kudanganya hupata sahihi upesi kuliko mkweli, kwa kuwa ana simu ya kumpigia mtu. Ushahidi hauna budi kuwapo. Mimi siulizi kama uwepo. Nauliza nani auchukue.

Tena fikirini: ushahidi uchukuliwao na mwombaji mwenyewe ndio rahisi kughushi kuliko wote. Karatasi iliyopita mikono mitano njiani yaweza kubadilishwa mahali patano. Habari itokayo ofisi moja kwenda ofisi nyingine, bila kupita mfukoni mwa mwenye haja, ni ngumu zaidi kuichezea. Kwa hiyo katika jambo hili huruma na ulinzi hazigombani. Njia impunguziayo maskini safari ndiyo hiyo hiyo impunguziayo mwongo nafasi.

Je, basi ofisi ziambiane kila kitu? Hapa mashaka yangu huanza, na naomba tuende polepole.

Niliposema neno hili mbele ya mzee mmoja, aliniuliza: "Ofisi zikisemezana juu yangu nami sipo, nitabakiwa na nini kilicho changu?" Nilimjibu kwa mithali tuliyofundishwa sote, kwamba mficha uchi hazai. Akacheka, akasema, "Ni kweli, lakini azaaye humvulia mkunga, havui sokoni." Neno hilo nililichukua nyumbani, nami naona limelipita jibu langu. Mhitaji hana budi kuonekana dhiki yake na yule awezaye kumsaidia. Lakini kuonekana na mkunga ni kwa saa moja na kwa kazi moja, na mkunga akitoka nje hatangazi. Msichana aliyesema katika fomu kwamba mama yake ameachwa, au kwamba nyumba yao hupewa ruzuku, au kwamba ana ugonjwa, alisema kwa ajili ya mkopo. Hakusema ili kesho wenzake wa bwenini wajue, wala ili mwajiri asome, wala ili mtu wa siasa amtumie katika mkutano.

Tena nchi yetu imepata kuuonja utaratibu wa kijana kupimwa kwa neno la watu wengine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali afanye kazi kwanza, kisha apate sifa njema kutoka kazini kwake na kutoka chama. Nia ilikuwa nzuri: wasomi wasijitenge na wakulima. Lakini mahali po pote ambapo barua ya mtu mmoja hufungua au kufunga mlango, mtu huyo huwa mkubwa kuliko alivyo. Kiongozi mwenye kisa na baba yako aweza kuchelewesha kalamu yake, nawe hutajua ni kwa nini. Hata leo, sahihi ya kijijini ina hatari hiyo. Kwa upande huo naipenda kompyuta, ambayo haina shamba linalopakana na letu.

Kwa bahati njema mpaka umekwisha kuchorwa. Iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume ya kuisimamia. Kwa ufupi, sheria hiyo yasema kwamba habari za mtu zikusanywe kwa kazi inayojulikana, zitumike kwa kazi hiyo, na mwenyewe awe na haki ya kuzijua na kuzisahihisha. Sisi walimu, ambao huandika habari za watoto kila siku, yatupasa kuijua sheria hii kama tunavyojua ratiba ya vipindi. Wengi wetu hatuijui.

Maana shule yajua mengi, pengine kuliko ofisi zote. Mwalimu amjua mtoto aendaye mtoni wakati wenzake wanapokula. Amjua avaaye viatu vya kaka yake. Amjua aliyeacha kuja siku za palizi kwa kuwa mama alikwenda kibarua katika mashamba ya mkonge ya Kimamba na nyumbani kulikuwa na wadogo. Lakini hayo hayakuandikwa po pote, wala hayakuulizwa na mtu. Kinachokwenda kutoka shuleni ni jina, namba na alama. Mtoto amekaa kwetu miaka minne au sita, nasi twampeleka mbele ya Bodi kama mgeni tuliyekutana naye njiani.

Na wakati mwingine kile kichache kinachokwenda husema uongo, ingawa kila neno ni kweli. Wasomaji wa gazeti hili mtalielewa jambo hili upesi. Wako watoto maskini kabisa waliosoma katika seminari na shule za kulipia, kwa sababu parokia au usharika au mfadhili aliwalipia. Katika daftari huyo aonekana mtoto wa shule ya gharama, na atazamaye ada atasema, "Wazazi wake wana fedha." Kweli ya ada imesafiri, kweli ya mfadhili imebaki nyumbani, mpaka mtoto alete barua ya aliyemlipia. Mfadhili akiwa amekwisha kurudi kwao Ulaya, au paroko amehamishwa, barua hiyo atafutiwe na nani? Shule yenyewe ilipokea zile fedha, na stakabadhi inazo. Shule ndiyo ingepaswa kusema, tena mapema, kabla mtoto hajaulizwa.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii, na makosa yao yatufaa. Huko Marekani sheria ya mwaka 2019 iliruhusu idara ya kodi kuipelekea idara ya elimu habari za mapato ya wazazi moja kwa moja, wao wenyewe wakikubali, ili watoto wasihangaike kunakili hesabu. Wazo lilikuwa la busara. Lakini fomu mpya, iliyokuwa itolewe Oktoba 2023, ilitoka siku za mwisho za Desemba, na ikawa na kasoro nyingi. Kubwa katika hizo ilikuwa kwamba mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii hakuweza kuikamilisha, na mtoto wake, ambaye mara nyingi ni raia halali, akabaki nje miezi kadhaa akitazama wenzake wakipita. Kenya nao mwaka 2023 walianza kuwagawa wanafunzi wa vyuo vikuu katika makundi kwa kadiri ya dhiki ya nyumba zao. Mwaka 2024 wengi walilalamika kwamba wamewekwa katika kundi la wenye nafuu hali hawana kitu, hata ikabidi wafunguliwe njia ya kukata rufani.

Katika habari hizi mbili naona jambo moja. Ofisi zikisha kusemezana vizuri, hujisahau zikadhani kwamba zinajua yote. Na yule ambaye hazina habari zake humwona kama hayupo, au kama mwongo. Mtoto wa mhamiaji huko Marekani na mtoto wa mfugaji katika mbuga ya Mkata, aliyezaliwa bomani kukiwa na bibi yake tu, wamefanana katika hili. Kwa hiyo kuunganisha ofisi peke yake si haki kamili. Kwaweza kumrahisishia aliye ndani na kumfungia zaidi aliye nje.

Basi hukumu yangu ni hii, nanyi mtaipima. Karatasi iliyoandikwa na ofisi ya Serikali ichukuliwe na ofisi hiyo kwenda inakotakiwa, kwa idhini ya mwenyewe, wala asitumwe yeye. Mwombaji aulizwe mambo ambayo hakuna ofisi iyajuayo ila yeye. Aonyeshwe yale yaliyosemwa juu yake kabla hayajahukumiwa, apate kusema, "Hapa sivyo." Na pale ambapo karatasi haipo kwa sababu Serikali yenyewe haikuwa imefika alikozaliwa au alikozikiwa baba yake, upungufu huo usihesabiwe juu yake. Hapo kijiji kiulizwe. Mkutano wa kijiji uliaminiwa kutaja nyumba maskini ili zipewe ruzuku. Mkutano ule ule hauwezi kushindwa kusema kwamba mtu fulani alikufa mwaka fulani akaacha watoto wanne. Neno la mkutano ni tofauti na sahihi ya mtu mmoja ofisini, kwa sababu husemwa mbele ya wajuao na wawezao kukanusha.

Najua ataulizwa nani alipe gharama ya haya yote. Gharama ipo tayari. Leo hulipwa kwa nauli za watoto na kwa mbuzi anayeuzwa mnadani kwa haraka mwezi wa Agosti. Haionekani katika hesabu ya ofisi yo yote, na kwa hiyo wengi huona kana kwamba si kitu.

Wakati tunapongoja wakubwa wakamilishe kazi yao, yako mambo ambayo Kilosa yaweza kuyafanya bila kumngoja mtu. Mpango wa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kuenea mkoa kwa mkoa, hutoa cheti bila malipo katika zahanati na ofisi ya kata. Mama asiondoke kliniki bila kuuliza. Mwalimu wa darasa la kwanza aandike jina kama lilivyo katika cheti, si kama anavyolipenda, maana jina hilo litamfuata mtoto mpaka katika usajili wa Baraza la Mitihani. Shule za sekondari ziwaite wazazi mapema, mtoto akiwa kidato cha pili, wayasome majina yote pamoja na kusahihisha wakati bado kuna nafasi. Kusahihisha herufi moja kidato cha pili ni kazi ya asubuhi moja. Kuisahihisha baada ya kidato cha sita ni kiapo, wakili na safari.

Na juu ya vifo nina ombi moja kwa watendaji wa vijiji, ambao wengi wao ni wasomaji wa kurasa hizi. Matanga yanapokwisha, ninyi mpo, na daftari la kijiji mnalo, na wafiwa wote wamekaa mahali pamoja. Andikeni jina la marehemu, siku yake, na majina ya watoto aliowaacha, kisha barua hiyo ipelekwe Kilosa na mtu wa ofisi ambaye yu safarini kwa kazi nyingine, pamoja na za vijiji vya jirani, mara moja kwa mwezi. Mjane apokee cheti hapo hapo kijijini, akiweke katika sanduku, hata kama mtoto wake mkubwa bado yuko darasa la tatu.